ZZ yangu inageuka njano, niongeze maji?

Mpangaji_Sinza:
Wakuu, habari za leo. Jirani aliyehamia Dodoma ameniachia ZZ, ndiyo mmea wangu wa kwanza wa ndani. Uko kwenye chungu cheupe cha kauri, kona ya sebule mbali na dirisha. Naumwagilia kikombe kimoja kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Sasa matawi mawili yamekuwa ya njano, na moja ukiligusa linalegea shinani. Niongeze maji au unataka mbolea? Naupenda, sitaki ufe.

Mama_Miche:
Mwanangu, usitie maji wala mbolea.

ZZ ni mmea wa huku kwetu. Unaota wenyewe porini kuanzia Kenya, unashuka Tanzania na Msumbiji hadi Afrika Kusini, kwenye sehemu zenye kiangazi kirefu. Ndiyo maana chini ya udongo una viazi vya kuwekea maji. Ukiumwagilia kila siku, viazi vinakosa hewa na kuoza, na uozo unapanda shinani. Nauza miche barabarani miaka mingi. ZZ ninazoletewa zikiwa mahututi, karibu zote shida ni maji mengi.

Geuza chungu uangalie kama kina tundu, maana vya kauri vingi havina. Kisha toa mmea na udongo wake wote, pukuta taratibu. Kiazi kizima ni kigumu ukikibonyeza, rangi ya kahawia hafifu. Kilichooza kinabonyea, kimekuwa cheusi na kinanuka. Kata kilichooza pamoja na matawi yaliyolegea kwa kisu kisafi. Utomvu wake unawasha, kwa hiyo nawa mikono, na watoto wasije wakatafuna majani. Uache kivulini siku moja au mbili vidonda vikauke, halafu upande kwenye chungu chenye matundu, udongo mkavu uliochanganywa na mchanga wa mto. Maji usitie hadi wiki ipite.

Baada ya hapo usihesabu siku. Chomeka kijiti cha mishikaki mpaka chini. Kikitoka na udongo umegandia, subiri. Kwa hapa Dar mara nyingi ni wiki mbili tatu, na wakati wa masika hata zaidi.

Kitalu_Arusha:
Mama kamaliza. Naongeza mwanga tu: kwenye kona ya giza hautakufa, ila matawi yatarefuka hovyo na kulala. Usogeze karibu na dirisha, jua la mchana lisiupige moja kwa moja.

Mpangaji_Sinza:
Asante sana mama, na wewe mkuu. Chungu hakina tundu hata moja! Viazi viwili vimeoza, vitatu ni vigumu kabisa. Nimekata. Kuna majani mazima yamedondoka, niyatupe?

Mama_Miche:
Usiyatupe! Chomeka kila jani, upande wa kikonyo, kwenye udongo wenye unyevu kidogo. Litatengeneza kiazi kidogo kwanza, kisha ndipo chipukizi litokeze, na hiyo ni miezi kadhaa. Jani likiwa bado kijani usilichomoe kuchungulia.