Mtambo wa megawati 300 unakula makaa ya mawe kiasi gani?

Mtoto wa Katuba: Luena, hapa kwetu Kongo, kuna makaa ya mawe tangu enzi za Wabelgiji, na sisi Lubumbashi tunalala giza. Kwa nini tusijenge mtambo kama ule wa Maamba, Zambia, wa megawati 300? Nimepiga hesabu. Nilisoma mahali kwamba kilo moja ya makaa mazuri ina kama kilowati-saa 7. Megawati 300 kwa saa 24 ni kilowati-saa milioni 7.2. Gawanya kwa 7: tani elfu moja na kidogo, kamyo 35 za tani 30 kwa siku. Kitu kidogo hicho!

Fundi Kampemba: Mdogo wangu, hizo 7 ni joto, si umeme. Theluthi tu ndiyo inageuka umeme, labda kidogo zaidi. Nyingine inapotea na mvuke na moshi. Kilo moja itakupa kilowati-saa 2 na nusu hivi. Sasa ni tani karibu 3,000, kamyo 100. Na ya Luena si makaa ya daraja hilo. Yakiwa na nusu ya joto, tani 6,000. Hata muuza makala (mkaa wa kuni) wa mtaa wetu wa Kenya, hapa Lubumbashi, anajua hesabu hii. Minerval (ada ya shule) ya wazazi wako ililiwa bure.

Mama Mbabula: Hata? Ile "hata" iko ya nini, papa? Miye niko nauzisha makala Kenya miaka 12. Gunia ya muti ya nguvu na gunia ya vumbi, minajua kwa kushika tu na mukono. Bukari (ugali) yako ya leo iliivia wapi, ku Luena ao ku mbabula, jiko ya makala?

Mtoto wa Katuba: Minerval ya wazazi wangu imeingiaje hapa? Baba yangu aliilipa kwa kusukuma mkokoteni. Omba radhi.

Bel-Air 2: Kwa makala niko upande wa Fundi. Misitu inakwisha kwa sababu yenu. Tanuru la udongo linameza kilo tano, sita, hata nane za kuni kutoa kilo moja ya makala. Halafu tunaogopa moshi wa Luena!

Mama Mbabula: "Yenu" ya nani? Mi nachoma? Minauza! Umeme unakatika kila mangaribi, mukisha munauliza kwa nini batu banapika na makala.

Msomaji Kimya: Naomba turudi kwenye swali. Wote mmeanza na megawati, na megawati ni nguvu ya mashine, si kazi iliyofanyika. Mtambo unasimama kwa matengenezo, siku nyingine unaendeshwa nusu. Chukueni kilowati-saa zilizotoka kwa mwaka mzima. Kisha ulizeni zimepimwa wapi, kwenye jenereta au kwenye laini? Mtambo hujilisha wenyewe kwanza: pampu, feni, vinu vya kusaga makaa, vyote hula asilimia 6 hadi 10. Ukisoma mita ya laini na kusahau hiyo, makaa yanapungua kwenye karatasi tu, tanuru halijui.

Mtoto wa Katuba: Asante. Ila Fundi bado hajaomba radhi.

Mzee wa Ruashi: Watoto, laini ya umeme ya bwawa la Inga inafika Kolwezi tangu 1982, kilometa 1,700 hivi, ikipita juu ya vijiji vyenye giza. Ilijengwa kwa ajili ya migodi ya shaba. Chomeni Luena yote, umeme utapita juu ya paa zenu hivyo hivyo.

Fundi Kampemba: Mzee, kweli. Lakini mimi "hata" nilisema kwa heshima! Nilikuwa namsifu mama.

Bel-Air 2: Sifa gani inaanza na "hata"?

Fundi Kampemba: Basi, mama, nisamehe. Gunia leo ni bei gani?

Mama Mbabula: Kwa bengine, bei ya soko. Kwako weye, ongeza na ile "hata".