Mjadala: Kaunti ikilipia programu, msimbo ni wa nani?

Hoja: Kaunti ya Mombasa ikimlipa mzabuni aijengee programu ya kukusanya ada za maegesho, msimbo (maandishi ya programu yenyewe) ufunguliwe kwa umma? Kwa leseni gani?

Wa Kizingo: Tuanze na sheria, jamani. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi iliyoagizwa hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, ila mkataba useme vingine. Mzabuni akidai msimbo ni wake, someni mkataba: kuna aliyetia saini kipengele cha kumwachia. Mali ya umma hupotelea hapo.

Wa Likoni: Hakimiliki bila faili haikufai kitu. Mkataba udai hazina nzima ya Git (mfumo unaotunza msimbo na kila badiliko lake) na historia yake, muundo wa hifadhidata, maelekezo ya kusimamisha seva, na ufunguo wa kusaini programu ya simu, yaani siri ya kidijitali inayothibitisha aliyeitoa. Huo wa mwisho husahauliwa sana. Toleo jipya likisainiwa kwa ufunguo mwingine, Android hukataa kusasisha, na kila askari wa maegesho itambidi aifute programu na kuiweka upya. Awamu ya mwisho ya malipo isitoke mpaka fundi asiye wa mzabuni aijenge programu kutoka kwenye hazina hiyo, kwenye mashine tupu, ikafanya kazi.

Wa Mikindani: Leseni iwe MIT, moja ya leseni za programu huria. Fupi, haimbani mtu, vijana wetu wataichukua wakaiuze Kilifi na Kwale.

Wa Kizingo: Ndugu yangu, MIT inamruhusu pia mwenye mtaji aichukue, aiboreshe, aifunge, kisha aiuzie kaunti ile ile. GPL, leseni inayodai anayesambaza programu atoe na msimbo wake, nayo haitoshi: sharti la kutoa msimbo huja nakala inaposambazwa, na programu ya seva haisambazwi. AGPL ya 2007, ndugu ya GPL, kifungu cha 13, iliziba tundu hilo: ukiibadilisha na watu wakaitumia kupitia mtandao, lazima uwape msimbo wa toleo lako lote.

Wa Mikindani: Kampuni nyingi huikimbia AGPL. Mtabaki na msimbo usio na mtu wa kuutunza.

Wa Likoni: Atakayekimbia kwa sababu hiyo alitaka kuifunga, na aende. Mimi nahofia msimbo unaochangiwa na watu wa nje. Mwaka 2023 kampuni ya HashiCorp iliitoa programu yake ya Terraform kwenye MPL, leseni huria, na kuipeleka BSL, leseni yenye vizuizi vya kibiashara. Waliopinga wakaendeleza OpenTofu kutoka msimbo uliobaki huria. Ili kaunti isiweze kugeuza leseni hivyo peke yake, isiwadai wachangiaji wa nje haki zao. Kila mmoja abaki na hakimiliki ya alichoandika, athibitishe asili yake kwa mstari wa Signed-off-by ("imesainiwa na") wenye jina lake, kama kwenye mradi huria wa Linux.

Wa Mikindani: Basi funguo za siri zinazounganisha programu na M-Pesa zibadilishwe kabla ya kuufungua msimbo. Kuzifuta kwenye faili hakutoshi, historia ya Git bado inazo.