Naomba ushauri: mdudu chonga ananimalizia mnazi

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Uani kwetu tuna minazi mitatu. Miwili mikubwa haina neno, ila huu mdogo wa miaka minne naona unakwenda. Makuti mapya yanafunguka yakiwa yamekatwa pembe, kama mtu kayapitishia mkasi yangali yamekunjwa. Nilipopanda ngazi nikaona tundu la kuingia kidole gumba pale makuti yanapoanzia, na nyuzi zilizotafunwa zimening'inia, mbichi bado.

Mkwezi wetu hakusita: chonga huyo. Akachomeka waya wenye ndoana, akamtoa mmoja mweusi, ana pembe kichwani, angali anapiga mateke. Wiki mbili baadaye, tundu jipya!

Mashaka yangu yako kwenye rundo la samadi ya punda nyuma ya ukuta. Nilichokoa kwa jembe nikakuta funza weupe, wanene, wamejikunja. Chonga hutaga kwenye samadi na magogo ya mnazi yaliyooza, kwa hiyo nikiwatoa wakubwa tu ni kazi bure. Lakini samadi ni ya jirani, mzee wa heshima, na bustani yake yaitegemea. Nimwanzeje?

Tena nimeambiwa nitie mchanga na chumvi kwenye makwapa ya makuti. Kuna aliyejaribu? Chumvi kiasi gani, nisije nikauunguza? Na rundo lipinduliwe kila baada ya siku ngapi? Kuku nimeshawafungulia, wanafaidi.