Zuio limezidi kodi: tudai fedha, tuhamishie mbele, au tupunguze awamu? (Ulinganisho, kampuni ndogo Tanga)

Mizani_Chumbageni

Waungwana, salaam. Swali hili hurudi kila ritani (taarifa za kodi za mwaka) zikishapelekwa tarehe 30 Juni, kwa hiyo nalileta na tarakimu ili sote tuzungumzie kitu kimoja.

Chukueni kampuni ya usafi yenye ofisi Ngamiani, wateja wake taasisi za mjini na maghala ya upande wa bandarini. Mwaka wa mapato 2024 imeingiza 120,000,000 za huduma. Faida ya kikodi ni 12,000,000, na kodi yake kwa asilimia 30 ni 3,600,000. Wateja wamekata zuio (kodi ambayo mteja huikata kwenye malipo yako na kuipeleka TRA kwa niaba yako) la asilimia 5, jumla 6,000,000. Juu ya hapo kampuni imelipa awamu nne za 900,000, moja kila robo mwaka, kwa kufuata makadirio yake ya kodi ya mwaka. Jumla iliyokwenda ni 9,600,000 kwa kodi ya 3,600,000. Ziada ni milioni 6.

Ombi la marejesho, yaani kurudishiwa ziada, limepelekwa na miezi inapita. Njia ninazoziona ni tatu: kuendelea kudai fedha ziingie benki, kuomba ziada ihamishiwe kodi zijazo, au kupunguza awamu za mwaka huu na kuliacha dai liende kwa mwendo wake. Ipi inafaa, na kwa nini ombi linakwama?

FailiKamili

Mkuu, kabla ya kuchagua njia jua faili limekwama wapi, maana njia ya pili nayo inapita mlango uleule wa uhakiki. Ombi la marejesho halitazamwi peke yake. Linafungua hesabu zako zote za mwaka huo, na mara nyingi za miaka ya jirani pia.

Kizuizi kikubwa ni vyeti vya zuio. Mteja aliyekukata anatakiwa kupeleka zuio ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Akichelewa, au akiandika TIN yako (namba ya mlipakodi) kwa kukosea tarakimu moja, au akitumia TIN ya mkurugenzi badala ya ya kampuni, fedha inakuwa imeingia lakini kwenye akaunti yako haionekani. Wewe una karatasi inayosema 450,000, mfumo unasema sifuri, na afisa hawezi kupitisha. Dawa ni kutengeneza jedwali la mstari mmoja kwa kila ankara: jina na TIN ya mteja, namba na tarehe ya ankara, kiasi kabla ya VAT, zuio lililokatwa, namba ya cheti, tarehe ya malipo. Jumla ya safu ya zuio lazima ilingane na ulichojaza kwenye ritani mpaka shilingi ya mwisho. Pasipolingana, andika sababu kwenye mstari huohuo.

Angalia hasa ankara za Desemba zilizolipwa Januari. Mapato umeyaweka 2024, cheti kina tarehe ya 2025, na mhakiki anaona zuio lisilo na mwaka wake. Hili pekee hurudisha faili mezani mara mbili au tatu.

Kinachofuata ni malipo yaliyopotea njia: kontroli namba iliyotolewa kwa kodi nyingine, au kwa mwaka wa mapato mwingine. Omba taarifa ya akaunti yako ya mlipakodi, pitia awamu moja moja, na ukikuta imekaa pasipo pake andika barua ya kuihamisha *kabla* ya kuulizia marejesho.

Halafu kuna ritani nyingine zilizo wazi. Mwezi mmoja wa PAYE (kodi ya mishahara) au SDL (tozo ya mwajiri ya kuendeleza ujuzi) ambao haukujazwa, hata kama hakukuwa na cha kulipa, unalifunga faili zima. Na deni lolote litakatwa kwanza kwenye ziada yako. Hivyo ndivyo sheria ya usimamizi wa kodi ilivyo: madeni kwanza, kinachobaki ndicho kinarudi.

Bi_Ritani

Nakubaliana na FailiKamili. Naongeza jambo ambalo wadai wengi hawalipigii hesabu: ziada ya milioni 6 kwenye ritani ni ziada *unayodai*, bado haijathibitishwa.

Tuseme mhakiki anakuta gharama za milioni 8 hazina risiti za EFD (mashine ya risiti ya kielektroniki): sabuni na mifagio ya dukani, usafiri, mafuta. Zikikataliwa, faida inapanda hadi milioni 20 na kodi inakuwa milioni 6. Umepoteza 2,400,000 za dai lako kwa mara moja.

Kodi ya pango la ofisi nayo ina habari yake. Ukimlipa mwenye nyumba 500,000 kwa mwezi, kampuni ilitakiwa ikate zuio la asilimia 10, yaani 600,000 kwa mwaka, na kulipeleka. Kama haikukata, deni hilo ni la kampuni, na riba juu yake. Mpangaji wa Barabara ya 12 akisema mwenye nyumba alikataa kukatwa, hilo si jibu mbele ya sheria.

Kwa hiyo jihakiki mwenyewe kwanza. Toa mafaili ya risiti, weka pembeni kila gharama isiyo na EFD, piga upya faida bila hizo. Hiyo ndiyo ziada ya kweli. Ikitoka 3,600,000 badala ya 6,000,000, bado inafaa kudaiwa, ila unajua unachokipigania.

Mizani_Chumbageni

Shukrani, dada. Sasa kuhusu kuhamishia mbele. Washauri wengi huipendekeza kwa kuwa eti ni rahisi.

Bi_Ritani

Inategemea faida yako ni asilimia ngapi ya mapato, na hapa ndipo watu wanapotea.

Zuio ni asilimia 5 ya mapato yote. Kodi ya kampuni ni asilimia 30 ya faida. Gawanya 5 kwa 30 unapata 16.67. Kampuni ya huduma ambayo wateja wake wote wanakata zuio, ikiwa na faida chini ya asilimia 16.67 ya mapato, itakuwa na ziada *kila mwaka*, hata isipolipa awamu hata moja. Kampuni ya mfano wako ina asilimia 10. Mwaka ujao mapato yakiwa yaleyale, zuio ni milioni 6 na kodi ni 3,600,000, kwa hiyo ziada mpya ni 2,400,000. Ukiisogeza mbele ile milioni 6, mwakani unayo 8,400,000, mwaka wa kesho yake 10,800,000. Ni kujaza maji kwenye pakacha, kodi ya kuyanywa hayo maji haipo.

Chukua sasa kampuni yenye mapato hayohayo na faida ya asilimia 25. Kodi ni milioni 9, zuio milioni 6, pengo ni milioni 3 kwa mwaka. Ziada ya milioni 6 inaliwa ndani ya miaka miwili. Huyo ahamishie bila kusita, asisumbuke na foleni ya fedha taslimu.

Anayeiuzia serikali bidhaa anakatwa asilimia 2, kwa hiyo mpaka wake wa faida uko kwenye asilimia 6.67. Wauza vifaa vya ofisi wengi wako juu ya hapo, na kwao kuhamishia kunafanya kazi.

Kiomoni_Hesabu

Je, ziada haiwezi kwenda kwenye PAYE ya wafanyakazi? Kampuni ya usafi ina watu wengi, PAYE na SDL zipo kila mwezi.

FailiKamili

Inaweza kuombwa, ila kwa barua na kwa jibu la maandishi. Kosa linalofanywa ni kuacha kulipa PAYE ya tarehe 7 kwa hoja kwamba "TRA wana fedha yangu". Mfumo haujui makubaliano yaliyo kichwani mwako. Unaona PAYE haijalipwa, unaweka riba, na sasa una deni linalolizuia dai lilelile. Tena PAYE ni fedha ya mfanyakazi uliyoishika tu. Lipa kwanza, acha kulipa ukiwa na barua mkononi.

Awamu_Nne

Naona njia ya tatu haijaguswa, na mimi naiweka mbele ya zote kwa mwaka unaoendelea. Nusu ya tatizo la mfano huu ni la kujitakia: kampuni ililipa 900,000 mara nne kana kwamba hakuna zuio. Sheria ya Kodi ya Mapato haisemi ugawe makadirio kwa nne tu. Kila awamu unachukua kodi uliyokadiria kwa mwaka, unatoa awamu ulizokwisha kulipa *na zuio ulilokatwa mpaka siku hiyo*, unagawa kwa awamu zilizobaki, ikiwemo hiyo unayolipa.

Kwa kampuni yetu, mapato yakigawanyika sawa, zuio ni 1,500,000 kila robo:

31 Machi: 3,600,000 toa 1,500,000 ni 2,100,000; gawa kwa 4 = 525,000.
30 Juni: 3,600,000 toa zuio 3,000,000 toa awamu 525,000 ni 75,000; gawa kwa 3 = 25,000.
30 Septemba: zuio limeshafika 4,500,000. Hakuna cha kulipa, na Desemba vivyo hivyo.

Jumla ya awamu 550,000 badala ya 3,600,000. Ziada ya mwaka inakuwa 2,950,000 badala ya milioni 6. Milioni tatu na elfu hamsini zimebaki kwenye mzunguko bila kuandika barua hata moja ya marejesho.

Angalizo: hili ni tofauti na kushusha makadirio yenyewe. Ukikadiria chini ya asilimia 80 ya kodi halisi, riba inakufuata. Kwa kodi ya 3,600,000 usishuke chini ya 2,880,000. Makadirio unaweza kuyarekebisha katikati ya mwaka, mradi uwe na hesabu za miezi iliyopita za kuonyesha. Na kila awamu hifadhi karatasi ya hesabu pamoja na nakala za vyeti vya robo hiyo, kwa sababu utaulizwa kwa nini Septemba ni sifuri.

Raskazone_08

Na mwajiriwa aliyekatwa PAYE zaidi? Ofisi haikutoa NSSF kwanza.

Bi_Ritani

Hapo anza na mwajiri. Mshahara 900,000, NSSF ya asilimia 10 ni 90,000, kinachotozwa kodi ni 810,000 na PAYE yake ni 80,500. Wakitoza kwenye 900,000 nzima inakuwa 103,000. Tofauti ni 22,500 kwa mwezi, 270,000 kwa mwaka. Mpelekee mhasibu hati za mshahara na hesabu hiyo kwa maandishi, yeye ndiye mwenye ritani ya PAYE ya kusahihisha.

Mizani_Chumbageni

Basi kwa kampuni yenye asilimia 10 jibu ni kudai fedha kwa ziada ya nyuma na kupunguza awamu kwa mwaka huu. Dai likiendelea kukaa kimya, hatua ni zipi?

FailiKamili

Fuatilia kwa barua, si kwa kupita dirishani. Ile ya kwanza iwe na nakala ya ombi lenye muhuri wa kupokelewa, jedwali la vyeti, taarifa ya akaunti, hesabu za mwaka zenye saini ya mhasibu aliyesajiliwa NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi), na akaunti ya benki yenye jina *lilelile* lililo kwenye TIN. "Company Limited" upande mmoja na "Co. Ltd" upande wa pili inatosha kurudisha malipo. Uliza swali moja tu: ni nyaraka gani inakosekana? Ukijibiwa, peleka hiyo, gonga muhuri nakala yako. Barua ya pili mwandikie meneja wa mkoa, ukiorodhesha tarehe zote.

Tatizo likiwa ni ucheleweshaji na utaratibu, kuna Msuluhishi wa Malalamiko ya Kodi, TOST. Yeye haamui kiasi cha kodi. Ukiletewa hati ya makadirio mapya baada ya uhakiki, hiyo ni njia nyingine kabisa: pingamizi kwa Kamishna Mkuu ndani ya siku 30, ukilipa kodi usiyoibishia au theluthi ya iliyokadiriwa, iliyo kubwa kati ya hizo. Usiporidhika na uamuzi wa mwisho, notisi ya kukata rufaa Bodi ya Rufaa za Kodi ni ndani ya siku 30, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Hizi siku hazimsubiri mtu aliye kwenye mazungumzo na afisa.

Awamu_Nne

Na muda wa kudai wenyewe ni miaka mitatu tangu *tarehe ya malipo*, si tangu ritani. Awamu ya 31 Machi 2024 inafikia ukomo 31 Machi 2027, ya Desemba inachelewa kidogo. Kuonyesha ziada kwenye ritani hakuhesabiwi kuwa ni ombi. Ombi ni barua. Aliyeacha ziada ya miaka ya nyuma ikae kwenye ritani bila kuandika, aanze leo na awamu yenye tarehe ya zamani kuliko zote.