Trela ya mtumba ya kubebea gari: tupeane uzoefu kabla pesa hazijatoka

Wa504 (mwenye mada)

Wadau, hamjambo. Nina Peugeot 504 niliyoachiwa na marehemu baba, ndugu wa zile zilizoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, ila hii yangu haijashinda hata mlima wa Limuru. Iko Ruaka, fundi anayeielewa yuko Nakuru, na kila nikiita bridauni (gari la kuvuta magari mabovu) bei inapangwa kwa kunitazama usoni. Nimeamua kutafuta trela ya mtumba niivute kwa Hilux yangu ya dizeli. Bajeti ni laki tatu na nusu, nikibanwa sana laki nne.

Kuna moja nimeiona Industrial Area. Imetoka Uingereza, ekseli mbili, kibao chake kinasema kilo 2,600, trela na mzigo pamoja. Muuzaji ananiambia iko tayari kwa barabara, maneno ambayo kila mwenye gari bovu huyajua kwa moyo. Aliyewahi kununua, kuvuta, kutengeneza au kuikimbia trela ya aina hii atueleze yaliyomkuta.

FundiWaKariobangi

Mdau, mimi ndiye huletewa trela zikishanunuliwa, kwa hiyo kazi yangu kubwa huwa kutoa habari mbaya. Wanunuzi karibu wote huangalia sakafu na rangi. Mimi huanza kwa kulala chini.

Rangi mbichi kwenye trela kuukuu mimi na yeye hatuelewani. Nachukua nyundo ndogo nagonga pale mkono wa mbele unapoungana na fremu, halafu pale ekseli zinaposhikwa. Chuma kizima kinalia. Chuma kilicholiwa na kutu kinajibu kama ubao. Nyingi za Uingereza hazikupakwa rangi, zimechovywa zinki, kwa hiyo ukiona sehemu moja imepulizwa rangi ya fedha na nyingine zina ule ujivu wa kawaida, jua mtu amepita hapo na mashine ya kuchomelea. Muulize kwa nini, na umtazame akijibu.

Ekseli: zipo za springi na zipo za raba, ambapo ndani ya bomba la pembe nne kuna vipande vya raba vinavyofanya kazi ya springi. Springi fundi yeyote atakubadilishia. Raba ikichoka haifunguliwi ikawekwa nyingine, unanunua ekseli nzima. Simama nyuma ya trela tupu uangalie magurudumu. Yakiwa yameinamia ndani kwa juu, au upande mmoja umeketi kuliko mwingine, hapo bei imeshabadilika.

Breki sasa, ndipo watu huumia. Trela hizi hujifunga breki zenyewe. Hilux ikipunguza mwendo, trela inaisukuma kutoka nyuma, shina la mbele linaingia ndani na kuvuta kebo za breki. Ndani ya shina kuna shokapu ndogo. Lisukume kwa nguvu zako: likiingia kwa ubishi na kurudi polepole, sawa. Likigonga kong na kubaki huko, imekufa, na ukiwa barabarani trela itakuwa inakupiga mgongoni kila ukishika breki. Kisha vuta handibreki ya trela umwambie dereva asogeze gari kidogo. Magurudumu yote manne yakatae kuzunguka.

Mteja mmoja aliniletea trela ambayo kebo zilikuwa zimekatwa na kufungwa na waya chini ya sakafu. Muuzaji alikuwa amemwambia breki "zimerahisishwa".

Kimya_Kimya

Zimerahisishwa! Nimecheka hadi mama watoto ameuliza kuna nini.

MamaOtokrosi

Mimi na mume wangu tumekuwa tukivuta Subaru ya kijana wetu kwenda mashindano. Nitaongea kuhusu kupakia, kwa sababu trela nzuri pia inaweza kukuua.

Siku moja tulikuwa tunateremka kuelekea Mai Mahiu, dereva wa rafiki yetu yuko mbele yetu na gari lao, Subaru pia, juu ya trela. Walikuwa wamelipakia kinyumenyume kwa sababu halikuwa likiwaka na ndivyo lilivyokuwa limeegeshwa. Injini ya Subaru iko mbele, kwa hiyo uzito wote ukawa umeangukia nyuma ya ekseli. Trela ikaanza kutikisa mkia, kwanza kidogo, kisha Prado yenyewe ikaanza kucheza. Nilishika dashibodi kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa ndani yake. Jambo lililowaokoa ni kwamba yule dereva hakukanyaga breki. Aliachia mafuta, akashikilia usukani ukiwa umenyooka, gia ikapunguza mwendo yenyewe. Tulisimama penye nafasi, gari likashushwa kwa winchi na kupandishwa pua mbele, sentimita chache mbele ya katikati. Safari iliyobaki trela ilitulia tuli.

Kwa hiyo Wa504, ukienda kuangalia trela, usiangalie tu kama gari linaenea. Angalia kama sakafu ina urefu wa kutosha kulisogeza mbele au nyuma hadi uzito ukae vizuri. Na uliza kama kuna winchi, kwa sababu gari lisilowaka ndilo hubebwa sana.

NilikuwaTexas

Sheria ni rahisi: asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela ikae kwenye boli la toubaa, ile tufe ya chuma nyuma ya gari inayoshikwa na trela. Huko Marekani kila mtu anaijua.

FundiWaKariobangi

Kaka, kwa trela za huko ni kweli. Hizi za Uingereza kanuni yake ni nyingine. Trela ya kilo 2,000 kwa asilimia 10 ni kilo 200 juu ya boli, na vikombe vingi vya hizi, yaani kile kichwa cha trela kinachofunika boli, vimepigwa mhuri wa kilo 100 au 150. Soma mhuri kwenye kikombe, kisha usome kibao cha toubaa ya gari lako, ufuate kilicho kidogo.

Na kwa kuwa umeitaja Marekani: boli la kwao la kawaida ni inchi 2, la Ulaya ni milimita 50. Tofauti haifiki hata milimita moja, kwa hiyo watu huona ni kitu kimoja. Kikombe cha Marekani kwenye boli la Ulaya kinacheza. Cha Ulaya kwenye boli la Marekani huenda kisijifunge hadi mwisho, na kwa macho kinaonekana kimefunga. Baada ya kuunganisha, inua mbele ya trela kwa jeki yake mpaka nyuma ya gari ianze kuinuka. Kikombe kisipoachia, endelea na safari. Na ule waya mwembamba wa kuvuta breki trela ikichomoka, hakikisha upo na unafungwa kwenye gari, si kuzungushwa tu kwenye shingo ya boli.

KakaWaSyokimau

Mnamtisha mwenzenu bure. Mimi nina ya ekseli moja, niliinunua kwa nusu ya bajeti yake, nabeba Vitz za wateja kila wiki.

MamaOtokrosi

Vitz ina kilo kama 1,000, kaka yangu. 504 ni zaidi ya hapo, na trela yenyewe ina uzito wake. Tena niambie, tairi ikipasuka Mombasa Road ukiwa na ekseli moja?

KakaWaSyokimau

Ilipasuka, karibu na Athi River. Trela ilikaa upande, ikaburura rimu hadi pembeni. Sikuwa kasi, kwa hiyo nilibadilisha tairi nikaendelea. Nakubali kwamba yenye ekseli mbili ingebaki imesimama. Lakini kwa gari dogo na mtu mwenye subira, ekseli moja yenye breki bado ni ununuzi wa maana. Isiyo na breki ndiyo siigusi. Soma kitabu cha Hilux yako: trela isiyo na breki mwisho ni kilo 750 pamoja na mzigo. Hiyo ni trela ya mahindi.

Karatasi_Kwanza

Nimesoma yote na hakuna aliyegusa karatasi. Trela ina usajili wake mbali na gari, namba zake huanza na Z, na ina logibuku yake. Mimi niliwahi kuipenda moja pale Ngong Road, safi, bei ya kirafiki. Nikafanya utafutaji kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kutoa hata shilingi: ile namba ilikuwa ya trela ya lori. Muuzaji aliposikia akasema labda ni makosa ya kompyuta. Nikamwambia labda, nikaondoka.

Linganisha namba ya chesi iliyo kwenye karatasi na iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Kibao kinaweza kung'olewa kikapelekwa kwingine kwa riveti nne, kwa hiyo tafuta ile ya kwenye chuma. Uhamisho wa umiliki ufanyike kabla pesa ya mwisho haijaondoka kwenye M-Pesa. Halafu mpigie wakala wako wa bima, umwambie waziwazi kwamba utakuwa unavuta trela, na jibu lake ulipate kwa maandishi.

Mwananchi_wa_Jua_Kali

Na za kutengenezwa hapa? Mimi nilichongewa moja kwa ekseli za nyuma za pikapu zilizovunjwa. Sakafu ni imara kuliko hizo za kutoka nje.

FundiWaKariobangi

Sakafu sina shida nayo, mafundi wetu wanajua chuma. Swali langu ni moja: drumu za hizo ekseli zimeunganishwa na nini? Mara nyingi breki zipo ndani lakini hakuna kinachozivuta. Kama mchongaji alikuwekea shina la kujifunga na kebo, shikamoo kwake. Kama hakuweka, unavuta tani mbili zisizojua kusimama.

Wa504, umetulia sana. Umeangalia tairi?

Wa504

Nimerudi kutoka huko sasa hivi. Nimegonga na nyundo hadi mlinzi akaja kuuliza. Fremu inalia vizuri, shina linarudi polepole, magurudumu matatu yanashika breki na moja linazunguka tu. Tairi zina kashata nzuri, zinaonekana mpya kabisa. Ubavuni zimeandikwa 1814, na 91 baada ya saizi.

FundiWaKariobangi

1814 ni wiki ya 18 ya mwaka 2014. Hazijachakaa kwa sababu hazijatembea, zimezeeka zikiwa zimesimama juani. Pinda ubavu kwa kidole gumba utaona nyufa. Zote nne zinatoka.

Na hiyo 91 maana yake tairi moja hubeba kilo 615. Mara nne ni 2,460. Kibao kinasema 2,600, tairi zinasema 2,460, wewe sikiliza tairi. Kwa 504 yako haina shida, gari na trela pamoja havitazidi sana tani mbili, lakini kwa kuwa unanunua nyingine, chukua zenye namba kubwa zaidi.

Gurudumu lisiloshika huenda ni kebo tu au lainingi zimeganda. Liinue kwa jeki, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza ni beringi, ukilizungusha na likakwaruza ni beringi pia. Ndiyo, beringi zote zibadilishwe kabla ya Nakuru, hata muuzaji akiapa.

MamaOtokrosi

Mikanda ya kufungia usichukue anayokupa bure. Nunua minne mipya ya kuzungusha kwenye magurudumu, springi za gari ziachwe zicheze huku tairi zimeshikwa. Ukivuka Gitaru, simama mahali salama ukaze mikanda na nati za magurudumu tena. Huwa zinalegea mwanzoni mwa safari.

Wa504

Asante, mama. Spea haina. Ya Hilux haiwezi kuingia kwa dharura?

FundiWaKariobangi

Haiwezi. Hilux ina nati sita, trela za Ulaya nyingi zina tundu nne au tano, na zenye tano mara nyingi zimepangwa kwenye duara la milimita 112. Hata rimu ya Kijapani yenye tundu tano usilazimishe, mara nyingi tundu zake hukaribia tu. Tafuta rimu ya trela ileile.

Wa504

Basi nina tairi nne, spea, beringi na breki moja. Alikuwa amekataa kushuka chini ya laki tatu na themanini. Kesho narudi na orodha hii kwenye karatasi, na ofa ya laki tatu.

KakaWaSyokimau

Akikataa nitumie namba yake.