Mrejesho: vile vitoto vya paka vya Darajani

Ndugu zangu, niliwauliza namna ya kulea vitoto vitatu vya paka vilivyookotwa sokoni Darajani, Zanzibar, macho bado yamefumba. Vyote vi hai, alhamdulillahi!

Mliosisitiza joto kwanza, chakula baadaye, ahsanteni sana. Kitoto kilichopoa mwili hakiwezi kumeng'enya maziwa, basi tukawawekea chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kanga. Maziwa ya ng'ombe tuliyaacha kwa sababu yanawaharisha. Daktari wa mifugo alitupatia maziwa ya unga ya paka. Wananyonya wakiwa kifudifudi, kamwe si chali, yasije yakaingia mapafuni. Kisha tunawapangusa kwa kitambaa chenye uvuguvugu ili wakojoe.

Wawili wameshapata kwao. Mweusi bado yupo. Atakayemchukua aahidi kumhasi. Hilo silegezi.