Miaka minne ya uhandisi sijawahi kuponda kyubu ya zege kwenye maabara ya chuo: vyuoni tunafundishwa kupika data, wakubwa wanaipandia cheo

Wakuu, salaam. Hili jambo nimekaa nalo moyoni muda mrefu, leo limefurika. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, asinitukane.

Jana usiku kanipigia mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Yuko mwaka wa pili, uhandisi ujenzi, chuo kilekile nilichomaliza mimi huku Nyanda za Juu Kusini. Chuo sikitaji, na mnaokijua naomba mkitunze vifuani mwenu. Nilidhani anataka hela ya kula maana bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) likichelewa huwa ananikumbuka. Kumbe wala.

"Shikamoo kaka. Samahani, ile ripoti yako ya maabara ya zege bado unayo? Tunakusanya Ijumaa."

Nikamuuliza, kwani mashine ya kuponda kyubu imeshatengenezwa? Akacheka.

"Kaka, ile yenye turubai la bluu?"

Ile yenye turubai la bluu! Mimi nimeingia chuo imefunikwa, nimemaliza imefunikwa, nimekaa mtaani, nimepata kazi, bado imefunikwa. Kuna mwaka mafuta ya haidroliki yalikuwa yanavuja hadi mlangoni, wakamwaga pumba za mbao ili watu wasiteleze. Hayo ndiyo matengenezo pekee niliyoyashuhudia.

Kwa wasiojua: zege likimwagwa saiti, unachukua sampuli kwenye maboksi ya chuma ya milimita 150 kila upande, hizo ndizo kyubu. Zikishaganda unazizamisha kwenye tangi la maji. Nyingine unaziponda siku ya 7, nyingine siku ya 28. Hapo ndipo unajua kama nguzo zako zitabeba ghorofa au zitabeba jina tu. Hakuna njia ya mkato, siku 28 ni siku 28.

Sisi tulichanganya zege siku ya Jumatatu. Watu zaidi ya 40, beseni moja. Waliokuwa mbele waliona mchanga na kokoto, sisi wa nyuma tuliona migongo ya wenzetu. Ijumaa ya wiki hiyohiyo ripoti zikakusanywa, zina matokeo ya siku ya 28. Jumatatu mpaka Ijumaa, wakuu! Na mtu mwenye shahada ya uzamivu alikaa kwenye kiti akaisoma, akatia tiki ya wino mwekundu pembeni ya jedwali, akanipa 17 kati ya 20. Zile 3 alizonikata ni kwa sababu sikuweka namba za kurasa.

Namba zenyewe tulizitoa kwenye desa, yaani makaratasi ya kunakili, la waliotutangulia, nao walizipata kwa waliowatangulia. Yaani kuna kyubu moja ilipondwa zamani hizo, pengine ilipondwa kweli, na ndiyo inaendelea kuzalisha wahandisi mpaka leo.

Sasa twende saiti. Nilipata kazi kwa mkandarasi mmoja, saiti iko barabara ya kwenda Tunduma. Wiki ya kwanza tu, konsalta, yaani mshauri anayekagua kazi, kaja, bosi akaniambia, "Injinia, pima slampu." Jamani, slampu, kile kipimo cha ulaini wa zege bichi, si naijua! Koni ya urefu wa milimita 300, chini 200, juu 100, unajaza tabaka 3, kila tabaka unashindilia na fimbo ya chuma mara 25. Naichora nimefumba macho. Nikaweka koni kwenye bati, nikainama, nikaanza kujaza. Tabaka la pili koni ikanyanyuka, uji wa zege ukatokea kwa chini ukaenda moja kwa moja kwenye viatu vya konsalta.

Pale saiti kuna mzee wa Makambako, fundi wa vipimo, elimu yake darasa la saba. Akasogea taratibu kama anaokota kitu, akaniambia kwa sauti ya chini ili vibarua wasisikie: "Mwanangu, kanyaga hayo masikio."

Koni ina vibati viwili pembeni kwa chini. Unapanda juu yake kwa miguu yote miwili, uzito wako ndio unaoishikilia. Kwenye mchoro wa slaidi masikio yapo. Miguu ya mtu ndiyo haipo.

Mzee huyohuyo mwezi Juni alinifunza lingine. Kyubu za siku ya 7 zilitoka na nguvu ndogo kuliko tulivyotegemea, mimi nikawa nimeshaanza kuandika barua kwamba zege limefeli. Akaniambia nikatie mkono kwenye tangi. Nilitoa mkono unauma mifupa. Kiwango kinataka maji yawe kama nyuzi 20, na sisi Mbeya tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ya Juni ukipumua unatoa moshi. Saruji kwenye baridi hukomaa polepole, hiyo ni kemia ya kawaida kabisa. Tukaenda kulirekebisha tangi kwanza kabla ya kumlaumu mtu. Chuoni tulifundishwa kwa kirefu namna ya kulikinga zege na jua kali. Tulifundishwa hivyo tukiwa tumevaa masweta.

Haya, mpaka hapo mtasema ni mambo ya vifaa, serikali haina hela, chuo kina wanafunzi wengi. Sawa. Sasa nisikilizeni kwenye utafiti, maana hapo ndipo penye donda langu.

Mwaka wa nne niliapa projekti yangu nitaifanya kweli. Nikachukua mada ya majivu ya pumba za mpunga kupunguza saruji kwenye zege. Mada imechoka, najua, lakini pumba kwetu ni mlima. Nilipanda Kosta mpaka Ubaruku, nikarudi na viroba sita, konda akanitoza kama abiria wawili. Nikachoma kwenye pipa nyuma ya geto la rafiki yangu, majirani wakaja juu kwa ajili ya moshi. Kwa kuwa mashine ya chuo ilikuwa kwenye turubai lake, nikaenda kuponda kyubu kwenye maabara ya watu binafsi, kwa hela yangu ya bumu. Mwezi mzima nilikula ugali na chumvi, sitanii.

Matokeo: nguvu ikashuka. Asilimia 5 ya saruji ikiwa jivu imeshuka, 10 imeshuka zaidi, 20 usiseme.

Na sababu niliipata. Pumba hazitaki kuchomwa hovyo. Joto lazima ulidhibiti, kama nyuzi 500 hadi 700. Ukizidisha sana, silika iliyomo (madini kama yale ya mchanga) inageuka fuwele na haishikani tena na saruji. Ukipunguza, mkaa unabaki ndani na jivu linakuwa jeusi. Pipa langu lilikuwa na yote mawili: juu jeusi ti, katikati jeupe lenye uwekundu kwa mbali. Kwa akili yangu hayo ndiyo yalikuwa matokeo yenyewe: jivu la pipa usiliweke kwenye nguzo ya mtu. Ndicho kitu ambacho fundi wa Kyela au Mbarali anatakiwa aambiwe.

Nikampelekea msimamizi wangu. Aliitazama grafu labda nusu dakika. Akasema, "Hii grafu yako imelala. Za wenzako zote zinapanda mpaka asilimia 10 ndiyo zinashuka. Kairekebishe."

Nikairekebisha. Ndiyo, nimeandika hapa, nirusheni mawe. Nilikuwa naogopa kubaki mwaka mwingine, nyumbani mama ameshauza ng'ombe mmoja. Usiku ule nilikaa kitandani nikatunga namba. Kwenye asilimia 10 niliweka nguvu ya 27.4 kwa sababu chumba changu kilikuwa namba 274. Nikapata B+, na msimamizi akaniambia nina kipaji cha utafiti.

Mwaka jana nikawa natafuta chuo cha kusomea uzamili, nikaitafuta mada yangu mtandaoni nione wengine wamefika wapi. Nikakutana na makala kwenye jarida. Kichwa cha habari kinakaribiana kabisa na changu. Jedwali ni langu. Grafu ni yangu, imebadilishwa rangi tu. Na 27.4 imekaa pale inanikodolea macho. Waandishi wawili, mmoja wao msimamizi wangu, mimi simo. Nikashuka mpaka kwenye shukrani: wamemshukuru mkuu wa idara, wamemshukuru Mungu, mimi simo.

Angekuwa ameiba ukweli wangu ningepiga kelele za mwizi. Kaiba uongo wangu! Na siwezi hata kwenda kulalamika kokote, kwa sababu nikisema "hizi data ni zangu" swali la pili litakuwa nilizipataje. Huo ndio mtego, na nina hakika siko peke yangu humu ndani niliyenasa. Ukishapika data mara moja, mkubwa wako amekushika na wewe umemshika, mnabaki kusalimiana vizuri kwenye mahafali.

Mfumo naujua. Machapisho ndiyo yenye uzito mtu akitaka kupanda daraja. Darasani hata akisoma slaidi mwaka mzima ameipa mgongo hadhira, cheo kinapanda. Projekti za mwaka wa nne ndiyo shamba la bure: wanafunzi wanalima, mwingine anavuna, na mbegu yenyewe ni ya kutunga. Wakati huohuo hapa Mbeya lori linakatika breki kwenye mteremko kila kukicha, breki zinapata moto mpaka haziumi tena, halafu kwenye orodha ya mada za projekti mwaka wangu hakukuwa na hata moja inayohusu breki. Majivu ya pumba zilikuwa tano.

Na msiniambie kufundisha vizuri ni anasa ya wazungu. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake kule Marekani walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha mhadhara mtupu na madarasa ambayo wanafunzi wenyewe wanafanya kitu: wanajadili, wanapiga hesabu papo hapo, wanajibu maswali kwa vikundi. Masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu. Kwenye mhadhara mtupu waliofeli wastani wa asilimia 33.8, kwenye yale mengine 21.8. Humo hakuna mashine ya mamilioni. Ni mwalimu kufunga mdomo dakika kumi.

Hata hapa kwetu nimeona kwa macho. Kulikuwa na madam mmoja wa haidrolojia, Mungu ambariki popote alipo. Siku moja alitutoa darasani tukatembea mpaka kwenye mto mdogo nje ya mji, mkononi ana chungwa moja na futi kamba. Tukapima mita 20 kando ya mto, akatupa chungwa majini, mmoja wetu anahesabu kwa simu. Akarudia mara tano. Tukaingia na suruali zimekunjwa kupima kina, tukapata eneo, tukazidisha na kasi ya chungwa kupata kiasi cha maji kinachopita. Halafu akauliza, "Jibu lenu limezidi uhalisia. Kwa nini?" Tukaduwaa. Mpaka jamaa mmoja aliyekuwa katikati ya mto akasema chini ya miguu maji hayana kasi kama juu. Madam akaruka kwa furaha! Ndiyo maana kasi ya juu tunaizidisha kwa 0.85. Ile namba ipo kwenye kila kitabu, lakini sisi tuliipata magotini. Sijaisahau na sitaisahau. Gharama yake chungwa moja, na tulilila.

Yule madam alihama muhula uliofuata. Sijui kwa nini, nisimsemee mtu.

Kwa hiyo wale mnaokuja kuandika "wahandisi wa siku hizi hawajui kitu", mko sahihi na mnaniudhi. Na wale wa "mtajifunza kazini", kweli ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) wana ule mpango wa miaka 3 wa kuwanoa wahitimu, na unasaidia wanaoupata. Ila niambieni, anayeenda kuninoa ni nani kama na yeye alipata 17 kwa desa lilelile? Yule mzee wa Makambako anakaribia kustaafu.

Nataka kusikia kutoka kwa waliosoma umeme na mitambo, ninyi mashine zenu zilikuwa zinawaka? Na wahadhiri mliomo humu kwa majina bandia, najua mpo, jibuni hili moja: mwanafunzi akikuletea grafu iliyolala, unafanya nini?

Mimi kwa sasa niko na laptopu mapajani. Ile ripoti ninayo, imo kwenye flashi ileile, jina la faili "ZEGE MWISHO KABISA 2". Nimeifungua, nimeisoma yote, zile tiki nyekundu nimezikumbuka. Dogo kapiga mara mbili tangu nianze kuandika huu uzi, sijapokea. Leo Jumatano.